Kichwa cha Sajenti

Njia ya Sepuka, Ikungi
17 Machi 2024

Mwanangu Laurian,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Huku tu wazima, ila magoti yangu yananigomea nikiamka. Mvua mwaka huu imetutazama kwa huruma, uwele umesimama na alizeti imeanza kuchanua. Dorkas wangu amejifungua mtoto wa kike kule Iguguno, wamempa jina la marehemu bibi yako. Msalimie Faith, na mjukuu wangu mwambie bibi anamwekea asali.

Sasa neno lililonishikisha kalamu. Sajenti anaumwa. Ni yule mbwa uliyeniletea ukiwa bado mwanafunzi, ukasema katoka kwa askari wa Singida mjini. Ana wiki tatu anazunguka uani, kushoto, kushoto tu, mpaka amechora njia kwenye udongo. Juzi nilimkuta amebana kipaji cha uso kwenye ukuta wa ghala, amesimama hivyo hivyo kama mtoto aliyeadhibiwa. Jumapili nilipotoka kanisani alianguka, akapiga miguu, povu likamtoka. Alipoamka hakunijua.

Aliyemfanyia namjua. Mwezi wa kwanza Sajenti alimkamatia kuku wawili jirani yetu Calist Ntandu. Calist alisimama pale mpakani, watu wanasikia, akasema, "Mama Dorkas, huyo mbwa wako nitamkomesha." Ndiyo hivyo amemkomesha. Kampa sumu, tena ya polepole ili nione.

Wewe ni daktari wa mifugo, na kazi yako ni vichwa vya mbwa. Nataka karatasi yenye muhuri inayosema sumu. Nikiwa nayo nitamsimamisha mbele ya mkutano wa kitongoji. Alichoifanyia nyumba ya baba yako hujakisahau, wala mimi.

Nakuandikia barua kwa sababu simu zote za hapa zinachajiwa dukani kwa Calist, kwenye umeme wake wa jua. Siwezi kumsema mtu huku simu yangu inakaa kwake. Barua zangu atazipitisha Raymond, afisa mifugo wetu. Yeye si mtu wa hapa.

Shangazi yako,
Theodora


Morogoro
2 Aprili 2024

Shangazi Theodora,

Shikamoo. Barua yako imenifikia salama, na hongera kwa mjukuu. Faith anakusalimu. Mtoto ameanza shule ya awali, anarudi kila siku na kiatu kimoja.

Pole kwa Sajenti. Kwanza kabisa, shangazi, usimguse mdomoni, na mfunge mbali na watoto. Mbwa anayebadilika namna hiyo huenda ana kichaa, na kichaa kinaua watu. Mwambie Raymond aje amwone leo hii hii. Kama kuna aliyeng'atwa, aende hospitali bila kusubiri barua yangu.

Pili, naomba uniangalie mambo machache. Akizunguka, je, kuna hata siku moja anazunguka kulia? Anajigonga upande upi? Chakula anakijua? Kifafa kinamshika mara ngapi?

Hapa chuoni tunakusanya ubongo wa mbwa na paka waliokufa wakiwa na dalili kama hizo. Wengine tunawakuta na minyoo kichwani, wengine uvimbe, wengine maradhi ambayo bado hatujayapatia jina. Mashine ya kumpiga mbwa picha ya ubongo hatuna, kwa hiyo tunasubiri afe ndipo tujue alikuwa anaumwa nini. Uvimbe unaoota kwenye ubongo wa mbwa unafanana sana na ule wa binadamu, ndiyo maana hata madaktari wa watu wanakuja kuangalia vipande vyetu.

Sajenti akifa, usimzike. Raymond anajua la kufanya.

Kuhusu Calist, namkumbuka. Nawakumbuka wote.

Mwanao,
Laurian


Njia ya Sepuka
21 Aprili 2024

Mwanangu Laurian,

Marahaba. Natumaini barua hii inakukuta mzima na nyumba yako. Huku mvua zimekwisha, tunavuna kunde. Dorkas alikuja na mtoto akakaa wiki moja. Mtoto hana usingizi, ila ana mashavu.

Sajenti amekufa Jumatano. Alizunguka kushoto mpaka siku ya mwisho, kulia hata mara moja hapana. Ukimwekea bakuli, chakula cha upande wa kulia alikiacha kana kwamba hakipo. Hakumng'ata mtu. Kifafa kilimshika mara tatu asubuhi ile, na cha tatu hakikumwachia.

Raymond alikuja na glovu na kisu. Alimkata kichwa nyuma ya ghala, akachukua na ini na kilichokuwa tumboni, akavipanga kwenye boksi la barafu. Nilisimama pale mpaka mwisho. Calist akapita barabarani na baiskeli yake, akashuka.

"Pole, Mama Dorkas," akasema.

Nikamwambia, "Hiyo pole yako kalale nayo. Kichwa kinakwenda Morogoro kwa mtoto wa Ezekieli. Kitasema."

Laurian, niliiona sura yake ikibadilika. Alipanda baiskeli bila kujibu. Mtu asiye na kosa angejibu.

Nasubiri karatasi. Mkutano ni mwishoni mwa mwezi wa tano. Nataka atengwe kama alivyomtenga kaka yangu: asisalimiwe, asipewe moto, asichote kisimani, dukani kwake pasikanyagwe. Nimesubiri miaka ishirini na moja.

Shangazi yako,
Theodora


Morogoro
14 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Faith amehamishiwa kufundisha shule iliyo karibu, kwa hiyo siku hizi anapumua.

Boksi lilifika likiwa na barafu bado. Mshukuru Raymond, alifanya kazi safi. Kichaa cha mbwa tumepima, hakipo, kwa hiyo tulia upande huo.

Kuhusu sumu, vipimo vina taratibu zake, na karatasi yenye muhuri haitawahi mkutano wenu. Sitaweza kukuandikia leo kwamba Calist hakumpa mbwa kitu. Ulichokiona umekiona kwa macho yako, na alichosema Calist mpakani watu walikisikia. Huhitaji karatasi yangu kusema hayo. Simama useme mwenyewe. Wanakuheshimu.

Nina ombi. Ni kwa ajili ya kazi yangu, na ni kwa ajili yangu pia. Baba alipoanza kuumwa nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na mengine nimeyasahau. Na yeye alizunguka uani. Alizunguka upande gani? Na katika zile wiki saba za mwisho, tulipotengwa, wewe ulimwona mara ngapi?

Mwanao,
Laurian


Njia ya Sepuka
16 Juni 2024

Mwanangu mpendwa Laurian,

Marahaba, marahaba tena! Nakuandikia nikiwa na nafasi moyoni. Alizeti imetoa vizuri kuliko mwaka jana, na magoti yamenipumzisha. Dorkas anakusalimu.

Mkutano ulikaa tarehe ishirini na tano. Nilisimama mbele yao kama ulivyoniambia. Nikawaeleza kuku, nikawaeleza maneno ya mpakani, nikawaeleza jinsi Sajenti alivyokufa. Nikasema, "Daktari Laurian wa Morogoro, mtoto wa Ezekieli mliyemjua, anacho kichwa. Ameniandikia kwa mkono wake kwamba hawezi kusema Calist hana kosa." Barua nikaitoa, mwenyekiti akaisoma ile sehemu kwa sauti.

Calist akainuka. "Jamani, mimi nilisema kwa hasira. Nilimaanisha kumpiga jiwe. Sumu ningeipata wapi?"

Nikamuuliza, "Na uliyoyasema mama yako alipokufa, ulimaanisha nini?"

Wazee wote wanakumbuka. Baba yako alipougua aliwachanganya watu, akawa anawaita walio hai kwa majina ya waliokufa. Alimwita mama yake Calist kwa jina la dada yake marehemu, na wiki haikwisha yule mama akafa. Calist ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba akisema Ezekieli anawaita watu kaburini. Ndiye aliyeomba atengwe. Basi na yeye wakamtenga mchana ule ule. Wengine waliinua mikono kabla mwenyekiti hajamaliza kuuliza.

Ungeona duka lake sasa. Simu zote tunapeleka kijiji cha pili kuchaji, na hakuna anayelalamikia mwendo. Jumatano iliyopita, tarehe kumi na mbili, mke wake Cecilia alikuwa anaipua sufuria ya maji ya kunyonyolea kuku. Sufuria ikamponyoka, maji yakamshukia mguu mzima. Alilia yule mwanamke, Laurian. Calist alikuwa ameenda mbali kutafuta maji kwa sababu kisima hapewi. Nilikuwa napepeta uwele, na sikuinuka. Hakuna aliyeinuka. Alijikokota mpaka barabarani, akalala pale hadi mume wake aliporudi mchana. Wanasema ngozi imebanduka na goti hawezi kulinyoosha.

Sasa anajua nyumba yenu ilivyolia.

Kuhusu baba yako, hayo ni ya zamani na kuyachimbua hakuna faida. Alizunguka kama mgonjwa anavyozunguka. Tuletee ile karatasi sasa, tufunge kazi.

Shangazi yako mwenye furaha,
Theodora


Morogoro
3 Julai 2024

Shangazi Theodora,

Shikamoo. Nyumbani kwangu tu wazima.

Karatasi hii hapa. Nakala yake nimemtumia mtendaji wa kijiji ili aisome mbele ya mkutano, na itakuwa imemfikia kabla wewe hujaifungua bahasha hii. Nakuandikia kwa maneno mepesi yaliyomo. Tumboni na kwenye ini hakuna sumu ya aina yoyote tunayoweza kupima. Kwenye ubongo, mbele, upande wa kushoto, kulikuwa na uvimbe wa ukubwa wa karanga mbili. Uliota kutokana na ubongo wenyewe, wala haukuletwa na mtu. Uvimbe ukiwa kushoto, mbwa anazunguka kushoto, na vya upande wa kulia havioni. Kwa dalili ulizoniandikia nilishahisi tangu mwezi wa nne. Sajenti hakufanyiwa kitu na Calist.

Kijiji kitakuuliza kwa nini ulimsingizia mtu. Utasema ulidhani. Ndivyo Calist naye alivyosema juu ya baba.

Nilikuuliza ulimwona mara ngapi, hukunijibu. Basi nitakujibia. Nyumba yetu na yako zilitenganishwa na ua wa miti ya minyaa. Kila asubuhi ulipita na ndoo yako, na baba akiwa pale nje anazunguka. Hukugeuza shingo hata mara moja. Mama alikuwa anakusalimu. "Wifi, umeamkaje?" Nilikuwa nahesabu hatua zako nikisubiri ujibu.

Siku aliyoanguka akabaki chini, mama alinituma kwako. Ilikuwa saa nane mchana. Nilibisha. Nikasema, "Shangazi, baba amelala chini, haamki." Nilisikia mwiko ukigeuza ugali. Mwiko ukasimama. Nikabisha tena. Ukaanza kugeuza tena.

Tulimchimbia sisi wenyewe, mama na mimi, kwa jembe la palizi. Kaburi halikufika kiunoni mwangu. Udongo ulikuwa mgumu na mama alikuwa hajala.

Calist alikuwa jirani, na alikuwa amefiwa na mama yake. Wewe ulikuwa dada. Kwa miaka ishirini na moja umekuwa ukimtaja Calist kila ninapokuja likizo, kila barua, kila simu, nami nimekuwa nikisema ndiyo shangazi, ndiyo shangazi. Uliponiandikia kwamba unataka kumtenga mtu kwa ajili ya mbwa, niliona nikunyamazie uende mbele uwezavyo. Nilitaka usimame mbele ya watu wote, kisha ubaki umesimama peke yako. Sasa utajua kimya cha watu kikoje.

Mguu wa Cecilia sina la kusema juu yake.

Laurian


Njia ya Sepuka
28 Julai 2024

Laurian,

Salamu. Mimi mzima. Dorkas mzima, ingawa amekatazwa na mume wake kuja kwangu.

Mtendaji alisoma karatasi yako Jumamosi iliyopita. Aliisoma mara mbili kwa sababu watu walidai arudie pale penye karanga. Mwenyekiti akaniuliza kama nina la kusema. Nikasema sina. Calist alikuwa ameketi mwisho kabisa, na Cecilia kwenye kigoda, mguu umekunjika hauendi mbele wala nyuma.

Wakamwambia Calist aseme anachotaka. Akasimama. Akasema, "Mimi nataka kuuliza tu. Ezekieli naye alikuwa na kitu hicho kichwani?"

Akaniangalia mimi. "Mama Dorkas, alikuwa nacho?"

Nikasema, "Alizunguka kama Sajenti."

Calist akakaa chini, akafunika uso kwa kofia. Sikumwonea huruma. Nakwambia ukweli, Laurian, hata pale sikumwonea huruma. Niliona vizuri alivyokaa vile.

Kisha wakapiga kura juu yangu. Nimetengwa. Mikono ni ile ile iliyoinuka mwezi wa tano, na ndiyo iliyoinuka kwa baba yako, maana waliokuwepo wengi bado wapo. Barua hii ameichukua Raymond dirishani, kwa sababu na yeye wamemwonya.

Uliniuliza, nakujibu. Alizunguka kulia. Nilimwona kila siku. Nilipopita na ndoo sikugeuza shingo, ila nikifika ndani nilikuwa natazama kwenye upenyo wa ua mpaka miguu inakufa ganzi. Alikuwa anagonga bega la kushoto kwenye nguzo ya banda. Siku ya tano ya kutengwa kwenu aliniita kwa jina la mama. Niliogopa kwamba nitakufa. Nilikuwa mjane, nina watoto wanne na kisima kimoja. Siku uliyobisha ugali ulikuwa ndio unaanza kushika. Nilikusikia neno kwa neno. Sikuomba msamaha kwa mama yako mpaka anaingia kaburini, na kwako siombi leo, kwa sababu ungeona naomba ili nitoke kwenye shida hii.

Lakini nimeisoma karatasi yako, Laurian. Mimi niliishia darasa la saba ila tarehe najua kusoma. Pale chini penye muhuri pameandikwa tarehe tisa Mei. Barua yako ya kunituma niende mkutanoni umeiandika tarehe kumi na nne. Kisha nikahesabu kwenye kalenda ya kanisa, kutoka tarehe tisa Mei hadi siku ya maji ya Cecilia. Siku thelathini na nne.

Siku zote hizo majibu yalikuwa kwenye meza yako. Mimi nilimsikia mwanamke analia, nikaendelea kupepeta, na hilo nitalibeba. Wewe ulinielekeza la kufanya kisha ukakaa Morogoro na koti lako jeupe ukisubiri. Ulinitaka mimi. Sawa, umenipata. Cecilia alikukosea nini? Mwaka baba yako anakufa alikuwa bado hajaolewa huku.

Mtendaji hakuitazama tarehe. Hakuna aliyeitazama ila mimi. Sijamwambia mtu.

Theodora


Morogoro
12 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Faith na mtoto wazima. Natumai umepata mtu wa kukusagia, na kama hujapata, Raymond anakuletea unga pamoja na barua hii. Nimemwambia aseme ni dawa ya kuku, ili apite.

Tarehe ni ile. Hukukosea kuhesabu. Nilipoziweka chembe za ubongo wa Sajenti chini ya darubini nilikaa nazo asubuhi nzima. Nilimwona baba. Nikaandika majibu, nikagonga muhuri, nikayafungia kwenye droo, kisha nikakaa kukuandikia ile barua. Niliyachagua maneno yake moja moja ili yasiwe uongo. Nilifurahi nilipoipeleka posta. Barua yako ya mwezi wa sita ilipofika, nilisoma habari ya mkutano nikacheka peke yangu ofisini. Nilipofika kwenye sufuria niliikunja, na nikakaa nayo wiki mbili nzima kabla ya kutuma majibu. Kila siku nilikuwa najiambia mguu umeshaungua, siku moja zaidi haibadilishi kitu. Wakati huo Cecilia alikuwa bado anakatazwa kisima.

Baba asingepona, shangazi. Kwa yote ninayoyajua leo, na hata angefika hospitali kubwa, asingepona. Angekufa ameshikwa mkono tu. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu.

Kukusamehe sijaweza. Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo na nimeifuta.

Juzi nilimpigia Calist. Nilimweleza tarehe zote mbili, ile ya muhuri na ile ya barua, na nikamweleza kwa nini. Aliniambia nizirudie tarehe. Kisha akasema, "Mimi baba yako sikumwua, ila nilimfanya afe peke yake. Hilo nalijua tangu Jumamosi ile, na silali. Lakini mke wangu hayumo kwenye hesabu zenu." Nikamwambia nimeuomba mkutano kwa mtendaji, nitafika Jumamosi tarehe ishirini na nne, nitasema mbele ya watu kwamba ulikwenda na uongo niliokuachia mimi. Nilimwambia pia kuna daktari hapa anayekata ngozi iliyovutana, goti likafunguka, na ameshakubali kumwona.

Nikaomba kuongea na Cecilia. Nilimwuliza anataka nije na nini.

Akasema, "Usije na kitu. Gari likushushe barabara kuu, uje kwa miguu hadi hapa mlangoni. Nitakaa nje nikuangalie unavyotembea."

Ni kilomita sita. Nitakuwa hapo kabla ya saa nne asubuhi.

Laurian